Mikate ya Muleba na Mwendo wa Mia na Ishirini na Saba

Niliondoka nyumbani Nyanga Jumatano ile kwa sababu mtoto wa mjomba wangu, Elieza, alikuwa amebakiza siku mbili tu za kuitwa dereva. Ijumaa jioni angekabidhi funguo. Aliyemshitaki hakuwa trafiki, wala abiria, wala jirani mwenye wivu. Alishitakiwa na simu.

Ninyi tuliosoma pamoja darasa la jioni kule Kahororo mnamkumbuka Elieza. Ni yule mrefu aliyekuwa akinipakia kwenye baiskeli, kisha akanisubiri nje akiimba besi ya kwaya ya Kilutheri mpaka mwalimu wa hesabu anafunga madirisha. Siku hizi anaendesha Noah iliyong'olewa viti vya nyuma, anasambaza mikate ya Bi Zuhura kutoka mjini Bukoba hadi Muleba. Bi Zuhura ni mama wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani, na mikate yake ni laini kiasi kwamba ukiisahau dirishani upepo wa ziwa unaibeba mpaka Uganda.

Mume wa Bi Zuhura alifia barabara hiyo hiyo ya Muleba, ndani ya gari la mtu aliyekuwa na haraka. Tangu hapo mama huyu hana mzaha na mwendo. Ndiyo maana alimpa Elieza simu ya kazi yenye programu iitwayo Mlinzi, ambayo gari likipita themanini inamtumia mwenye mali ujumbe. Wiki moja kabla ya safari yangu zilikuja jumbe tatu. Muhutwe, mia na ishirini na saba. Kemondo, mia na kumi na tisa. Muhutwe tena, mia na ishirini na saba.

Elieza aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa. Bi Zuhura hakumfukuza papo hapo. Aliniita mimi, kwa kuwa Mlinzi niliiweka mimi kwenye simu ile, tena nikiisifia kama mchumba.

"Mlinzi huyu umeniletea wewe," aliniambia. "Kama ni mwongo, nijue. Kama mwongo ni Elieza, nijue vilevile. Panda naye, ukirudi uniambie, nami nitafuata utakalosema."

Kwa hiyo safari ilikuwa na washitakiwa watatu: dereva, programu na fundi aliyeileta. Wa tatu ndiye aliyekosa usingizi.

Jumanne jioni, nyumbani, nilipakua programu nyingine mbili za kupima mwendo ili ziwe mashahidi. Ya kwanza niliibatiza Sindano kwa sababu ina duara na mshale kama dashibodi. Ya pili nikaiita Msemaji, maana inatamka mwendo wako kwa sauti ya mwanamke wa Ulaya aliyechoka. Kabla hazijafanya lolote, zote mbili ziliomba ruhusa. Sindano ilitaka kujua nilipo, nikaona ni haki yake. Msemaji ilitaka kujua nilipo, kisha picha zangu, kisha majina yote niliyohifadhi. Nilikaa kitandani nikajiuliza, mpima mwendo anataka majina ya shemeji zangu ya nini, anakwenda kuposa? Nikakataa. Ikakubali haraka mno, nami nikazidi kuitilia shaka.

Nikiwa bado nimekaa, chini ya bati langu, Sindano ilisema natembea kilomita nne kwa saa. Nilitazama miguu yangu. Nilitazama ukuta. Kwa hesabu ile, hadi alfajiri nyumba ingekuwa imeshapita Kagondo na choo kikiifuata nyuma. Nikaandika kwenye daftari: chini ya bati, usiiamini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye tanuri mjini. Elieza alikuwa ameshapakia, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ingeweza kukata mkate. Alinisalimu kwa heshima iliyonitia wasiwasi. Miaka yote huniita Injinia kwa kunikebehi. Asubuhi ile aliniita kaka.

Simu ya kazi ilikuwa juu ya dashibodi, kioo kikitazama mbingu. Nikapanga yangu kando yake. Bi Zuhura alitoka mlangoni na unga viganjani, akatutazama kama mtu anayetazama jiwe la mzani, akarudi ndani bila kutuombea safari njema. Alituombea huko huko ndani, baadaye nilijua.

Kutoka mjini kwenda Kyetema nilifanya kazi ya kisomi. Barabara ina mawe ya kilomita, na jiwe halina haja ya bando. Nilimwomba Elieza ashike sitini pasipo kuyumba. Nikachukua saa ya mkononi, nikahesabu kutoka jiwe hadi jiwe. Gari linalokwenda sitini kweli humaliza kilomita kwa dakika moja. Letu lilimaliza kwa dakika moja na sekunde tatu, maana yake lilikuwa hamsini na saba. Sindano ikasema hamsini na saba. Msemaji ikatamka hamsini na nane. Dashibodi ndiyo iliyokuwa ikijisifu.

Nilishangaa, sitaficha. Nilikwenda na nia ya kuzikamata programu zikisema uongo, nazo zikasema kweli kwa sauti nzuri. Kasoro niliyoiona ni uchelewaji. Elieza akikanyaga breki kwenye tuta, gari linasimama, mikate inasogea mbele, na Msemaji bado inatangaza arobaini kana kwamba habari za kusimama zinakuja kwa posta. Lakini kuchelewa si kuzua. Mlinzi nayo ilikaa kimya, ikionyesha namba ileile ya wenzake.

Sasa shaka yangu ikahamia kwa binadamu. Elieza aliendesha kama bwana harusi anayebeba keki. Alitoa ishara ya kupinda hata pale barabara ilipopinda yenyewe. Kwenye mteremko wa kuelekea Kemondo, ambako ziwa linakufungukia kushoto na kila dereva wa Kagera huachia gari, yeye alishuka kwa gia ya tatu huku malori ya mchanga yakitupita na kutupigia honi. Nikajisemea, mwizi naye siku ya kwenda polisi huvaa tai.

Halafu kulikuwa na ule mlio. Kila tulipopanda tuta, chini ya kiti cha dereva kitu kililia: chombo cha bati na ndani yake vitu vidogo vikavu vikigongana. Nilimuuliza ni nini. Akasema spana. Mimi nimefungua na kufunga spana tangu nikiwa na meno ya utoto, na sijawahi kusikia spana inayolia kama maharage.

Saa mbili na nusu tulifika Muhutwe kwenye duka la Ma Koku, mama mtu mzima ambaye hununua mikate ishirini na kuuliza habari za watu arobaini. Elieza alishusha kreti mlangoni. Ma Koku hakutazama mikate. Alichungulia dirisha la gari, akanikuta mimi, akaonekana kukosa alichotegemea.

"Ta Elieza," akasema, yaani Bwana Elieza, "leo mkebe uko wapi? Au kwa kuwa umekuja na bwana mkubwa sisi hatutafuni?"

Elieza alisema ameusahau nyumbani. Alisema hivyo akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kiti kilichokuwa kikilia njia nzima. Ma Koku akaniangalia mimi kama ndiye niliyeufungia mkebe huo kabatini. Niliandika kwenye daftari neno moja, mkebe, nikalipigia mstari mara nyingi hadi karatasi ikatoboka.

Saa nne Muleba mjini. Tulimaliza kugawa mikate dukani na kwenye migahawa, kisha tukakaa mahali tule ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Mlinzi tangu asubuhi haikutuma ujumbe hata mmoja. Kwa ushahidi uliokuwa mezani, Elieza alikuwa amekwisha: programu zote tatu zinasema kweli, na dereva anaendesha vizuri akiwa anatazamwa tu. Nilisubiri ameze tonge, nikamwambia wazi kwamba nikirudi hivi hivi nitamwambia Bi Zuhura hayo, na funguo zitakwenda.

Aliacha kula. Mtu wa futi sita na ushei, akawa kama mtoto aliyevunja chungu. Akaenda garini, akarudi na mkebe.

Ulikuwa mkebe wa biskuti wa zamani, wa bati zito, kifuniko chake kikibana sawasawa. Ndani mlikuwa na akamwani, zile kahawa zetu zinazochemshwa na majani kisha zikakaushwa zitafunwe. Asiyetoka kwetu ajue kwamba mgeni akiingia nyumba ya Mhaya hupewa punje za kutafuna kabla hajaulizwa kilichomleta. Elieza kaigeuza desturi akaitia magurudumu. Anasema gari ndiyo nyumba yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, basi anayekuja mlangoni kwake ni mgeni, hata kama mgeni huyo ndiye mwenye duka. Kila kituo hufungua mkebe, hutoa punje mbili tatu, na mkate unanunuliwa kwa moyo mweupe. Haikuwa siri ya kumfukuzisha mtu. Nikamuuliza kwa nini basi alidanganya.

Akasema, akitazama sahani, kwamba simu ya kazi huiweka humo humo, katikati ya kahawa, na kukaza kifuniko.

Sababu alinieleza kwa sauti ya chini hata pale, Muleba, kilomita sabini kutoka kwa mwenye simu. Njiani huimba sehemu yake ya kwaya. Akichoka kuimba, humsema Bi Zuhura: kwamba ana mkono mgumu, kwamba hata chumvi anaihesabu punje. Siku moja, baada ya kumsema hivyo mpaka Kemondo, alirudi jioni Bi Zuhura akamuuliza, bila chanzo chochote, kama chumvi kwenye mikate inatosha. Elieza hakulala. Aliamua kwamba Mlinzi anasikiliza. Kesho yake akamfungia mkebeni, na hakuweza kumwambia Bi Zuhura sababu bila kumwambia alichokuwa akisema.

Niseme ukweli, hata mimi niliigeuza simu yangu uso chini kabla ya kuendelea.

Lakini mwanafunzi wa jioni akishikwa na swali halali nalo. Bati. Chini ya bati, nyumba yangu mwenyewe ilitembea. Simu hujua ilipo kwa kusikiliza setilaiti zilizo juu huko, na bati huzizibia sauti. Ukiifunga kwenye mkebe Kyetema na kuifungua Muhutwe, inaamka kama mlevi aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kwanza inabahatisha: niko kwenye migomba ile pale. Sekunde chache baadaye inasikia vizuri: hapana, niko dukani. Kwa programu isiyo na akili, kutoka migombani hadi dukani kwa sekunde chache ni mwendo wa mwendawazimu. Hapo inaandika ujumbe na kumshitaki mtu aliyesimama akigawa kahawa.

Hiyo ilikuwa dhana tu, na dhana haimrudishii mtu funguo. Ilitakiwa ionekane.

Saa saba mchana tulianza kurudi. Tuliizika simu ya kazi ndani ya kahawa, tukakaza kifuniko, na Elieza akashika sitini mpaka Muhutwe. Kwa Ma Koku tulisimama, injini ikazimwa, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu ili kusiwe na maneno. Ma Koku akatoka na stuli yake. Elieza akafungua mkebe, akampa punje zake, akasema kasinge waitu, maneno yetu ya heshima, naye akatafuna huku tukiikodolea macho simu watu watatu kama inatotoa.

Sekunde kumi, hakuna. Nusu dakika, hakuna. Nikaanza kuandaa maneno ya kumpoza Elieza. Kisha simu ikatetemeka ndani ya kahawa. Kwenye ramani alama yetu ilikuwa imekaa bondeni, nyuma kabisa ya migomba ya Ma Koku, ikaruka juu ya paa la duka, ikatua barabarani. Mia na ishirini na nne.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Ma Koku.

Nikamwambia kwamba kwa mujibu wa simu, sote watatu, na duka, na stuli yake, tumekimbia kilomita mia na ishirini na nne kwa saa. Alitafuna kidogo akifikiri.

"Na mimi nina goti," akasema.

Tulicheka hadi Elieza akakaa chini barabarani. Nikarudia jaribio Kemondo, na safari ile simu ikaamka vizuri bila kuruka. Nililiandika nalo, kwa sababu ukiandika yanayokufaa tu wewe nawe ni programu. Kituo kilichofuata, bado ndani ya Kemondo, ikaruka tena: tisini na sita, gari limezimwa. Ilitosha. Nikapiga picha kila jaribio pamoja na jiwe chini ya gurudumu.

Baada ya Kemondo, Elieza alikuwa mtu aliyefunguliwa kamba. Simu ya kazi ilibaki mkebeni, imesahauliwa. Aliimba besi yote, akaongeza na ya wenzake. Gari nalo likaimba. Mlima ukaisha, tukaanza kuingia Kyetema, na kibao cha hamsini kikatupita kama salamu ya mtu usiyemjua. Ilikuwa saa ya wanafunzi kutoka. Walikuwa kando zote mbili za lami na masweta yao, na mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alikuwa ameshaweka mguu mmoja barabarani. Aliurudisha. Mkungu uliyumba, akaushika kwa mikono miwili, akatugeukia tulipokuwa tumeshapita.

Sikusema kitu. Lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu, pale ambapo kwa abiria hakuna breki. Nikatazama simu yangu. Sindano, sabini na mbili. Msemaji ikasema hivyo hivyo, imechelewa, tukiwa tumeshaupita mji.

Elieza aliona nimetazama.

"Injinia," akasema, na nyimbo zikawa zimekwisha, "hiyo usiiandike. Tulichoendea tumeshakipata."

Na kweli tulikuwa tumekipata. Themanini hajafika, Mlinzi isingetuma chochote hata kama ingekuwa nje ya mkebe, na hakuna mtu aliyeguswa.

Saa kumi jioni Bi Zuhura alitupokea ndani ya tanuri, akatupa chai. Nilimweleza yote ya simu: nyumba inayotembea, mawe ya kilomita, mkebe, picha tatu. Kuhusu kilichomfanya Elieza amfungie Mlinzi nilisema tu kwamba aliogopa kusikilizwa akiimba. Bi Zuhura alisema hata yeye angeogopa. Alizitazama picha moja moja. Uso wake ulilegea, na Elieza, aliyesimama mlangoni kwa sababu alikataa kukaa, akaanza kupumua. Nikafunga daftari.

Ndipo Bi Zuhura akaniuliza swali ambalo sikujiandaa nalo.

"Na wewe uliyekaa pembeni yake kutwa nzima. Uliogopa?"

Nilijua alikuwa akimuulizia nani. Marehemu mumewe naye alikaa pembeni ya dereva. Nilimtazama Elieza, aliyenibeba kwenye baiskeli miaka mitatu nipate cheti, naye alikuwa akiitazama sakafu.

"Mara moja," nikasema. "Kyetema. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule, naye alikuwa na furaha."

Bi Zuhura alimgeukia Elieza, akamuuliza kama ni kweli. Nilitegemea aape tena, maana ana vingi vya kuapia. Akasema ni kweli, na kwamba uso wa mama mmoja mwenye ndizi aliuona, na bado anauona.

Bi Zuhura aliuacha mkate mmoja ukaungua, kitu ambacho mji wa Bukoba haujawahi kushuhudia. Kisha akaamua. Mlinzi atolewe kwenye simu jioni ile ile. Elieza abaki na funguo. Na kuanzia kesho, kwa muda atakaouona unafaa, Bi Zuhura atapanda mwenyewe kiti cha mbele, kwenda na kurudi, barabara ambayo hakuwahi kuipita tangu alipomzika mumewe.

Tulipotoka, Elieza hakuniita kaka wala Injinia. Tulipandisha kuelekea Nyanga bega kwa bega kama watu wasiojuana. Kwenye njia ya kwake akasimama.

"Ungeweza kusema hapana," akasema.

"Ningeweza."

Akatikisa kichwa, akaenda. Siku nne hakunisalimu. Ya tano alinitumia mkate, hauna barua, umepakwa siagi.

Msemaji nimeifuta, mpaka naiondoa bado ilikuwa inaulizia shemeji zangu. Sindano nimeibakiza, na nikiitumia natazama na jiwe la kilomita. Atakayetaka maoni yangu ya kifundi ni hayo: mahali peupe, mwendo ukiwa mtulivu, zinasema kweli karibu zote, penye bati, kwenye kusimama na kuanza, usimhukumu mtu. Ila juzi dada yake Elieza aliniuliza kama apande gari la kaka yake kwenda Muleba, nami sikufungua simu. Nilimwambia apande, akae mbele ikiwa Bi Zuhura atamwachia nafasi, na wakiingia Kyetema autazame mguu wake mwenyewe wa kulia. Ukianza kutafuta breki, aseme hapo hapo, asingoje kufika.